Programu zinazojirusha mbele wakati mtu anachapa, hii tabia ikome!

Wakuu habari za jioni, leo nina hasira mnivumilie.

Nina stesheneri Ngamiani hapa Tanga, nachapa barua na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Asubuhi kaja mama mmoja nimjazie fomu ya mwanawe, nachapa paswedi huku macho yapo kwenye kidaftari chake kaandika kwa penseli hata haisomeki vizuri, si nikainua kichwa nakuta paswedi nzima imeingia kwenye grupu la wafanyabiashara na enta nishapiga! Programu ya kuchati imejifungua yenyewe katikati ya neno ikakaa mbele ikadaka kibodi. Nimemwambia ukweli tukabadilisha paswedi palepale, ila aibu niliyoipata mbele ya yule mama sitaisahau.

Na kompyuta inajua kabisa kwamba nachapa! Kwenye Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, hili lina utaratibu wa miaka mingi, dirisha likitaka kuja mbele linaangaliwa limeombwa saa ngapi, kama ni kabla ya kitufe changu cha mwisho basi lisubiri, liwakewake pale chini nitaliona. KDE, moja ya mazingira ya madirisha ya Linux, inakupa hadi ngazi za kuzuia, mwanzoni inakuwa ngazi ya chini unaipandisha mwenyewe. GNOME, mazingira mengine ya Linux, inakuletea taarifa tu kwamba dirisha liko tayari. Wayland, ule mfumo mpya wa Linux wa kuonyesha madirisha, ndo nimeipenda zaidi, programu inaomba kuja mbele kwa tokeni, yaani kama kibali, na tokeni inatoka kwa ile programu uliyobonyeza wewe, yaani ukibonyeza linki kwenye barua pepe brauza inakuja sababu umeiita. Hapo sina neno. Sisi huku hata mlango ukiwa wazi mtu anapiga hodi anangoja aambiwe karibu.

Windows nayo ilishaweka masharti tangu ile ya 98, programu isiyo na ruhusa inawakawaka tu kwenye taskibaa, ule mstari wa chini ya skrini. Kinachoniuma ni madevelopa wanaojua sheria ipo halafu wanaizunguka, kuna wanaotuma kitufe cha Alt cha uongo ili Windows idhani nimebonyeza mimi. Mtu anaghushi kidole changu jamani, kwa kimeseji cha "mambo"!!

Hiyo programu ya kuchati nimeifuta kwenye mashine zote tatu. Shida wateja wananitumia mafaili kwa hiyohiyo, mwenye njia ya kuibana isije mbele bila kuifuta aiweke hapa, mashine zangu ni Windows 10.