Kupunguza tumbo, baipasi au puto: kipi kinamfaa mtu anayeishi Kigoma?

MwanaUjiji
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaandika kwa niaba ya dada yangu mkubwa, mwenye miaka 44, kilo 112 na urefu wa sentimita 160, ambaye kisukari chake kimeingia mwaka wa tisa na ambaye kiungulia humfanya alale ameegemea mito miwili. Ametajiwa njia tatu: puto la tumboni, upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, na baipasi. Amevutiwa na ya pili kwa sababu jirani yetu aliifanya akapungua vizuri, nami nina wasiwasi kwamba tunachagua kwa kumtazama jirani. Naomba mtulinganishie, mkizingatia kwamba kutoka Kigoma hatuwezi kwenda Dar es Salaam na kurudi kila wiki.

MuuguziTabora
Ukigawanya kilo zake kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata karibu 44. Miongozo ya 1991 iliruhusu upasuaji kuanzia 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoambatana na unene. Ile ya kimataifa ya 2022 imeshuka hadi 35 hata kwa asiye na maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari. Kwa hiyo anastahili kwa vigezo vyote viwili.

Katika kupunguza tumbo, daktari hukata na kutoa robo tatu ya mfuko au zaidi kidogo, akabakiza mrija mwembamba kama ndizi, na kilichokatwa hakirudishwi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana wengi husema hamu ya kula imewaisha. Tatizo ni kwamba shinikizo ndani ya mrija huo huwa kubwa, na mwenye kiungulia anaweza kukuta kimezidi. Hapo ndipo dada yako na jirani yenu wanapoachana njia.

Baipasi ni kazi ndefu zaidi: hutengenezwa kijifuko cha takriban mililita 30, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita bila kugusa sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kiungulia mara nyingi hupoa, na sukari huweza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata kilo hazijapungua, hivyo dozi za kisukari lazima zirekebishwe mapema.

BintiKasulu
Mimi niliwekewa puto. Hakuna kisu: linaingizwa mdomoni kwa kamera, linajazwa maji yenye rangi ya buluu, na unaambiwa uangalie mkojo wako, kwa sababu ukibadilika rangi ujue puto limevuja. Siku nne za kwanza nilitapika hata maji ya kunywa. Lilitolewa baada ya miezi sita nikiwa nimepungua kilo 13, na tisa kati ya hizo zimesharudi. Kwa mtu wa kilo 112 mwenye kisukari cha miaka tisa, naliona kama daraja la kumfikisha kwenye upasuaji akiwa mwepesi kidogo, si safari yenyewe.

AsaliYaSikonge
Nina baipasi, mwaka wa tatu huu. Sukari yangu imetulia, lakini sikilizeni gharama yake. Mwezi wa pili nililamba vijiko viwili vya asali ya nyumbani. Dakika kumi hazikupita, jasho likanitoka, moyo ukaenda mbio, nikalala sakafuni kwa sababu paliniburudisha. Sikurudia. Hospitali niliyofanyiwa haikunieleza kwa uzito unaostahili kwamba vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha yote, nikaacha vidonge, na baada ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikipanda ngazi nane nahema. Ndugu MwanaUjiji, kabla ya kuchagua, ulizeni kama sindano ya B12 inapatikana hapo mjini kwenu, na nani atampima damu kila mwaka.

MuuguziTabora
Nakubaliana naye, ila hata aliyepunguzwa tumbo anahitaji vidonge hivyo, asidhani ameponea. Aliyefanyiwa baipasi aachane na tumbaku na asinywe dawa za maumivu kama diklofenaki kiholela, kwa sababu kidonda huota pale palipounganishwa. Chakula nacho kibadilike: mgebuka na dagaa vitangulie, ugali wa muhogo ufuate kama nafasi imebaki, na maji yanywewe kando ya mlo. Na wakati wa kurudi Kigoma asikae kwenye kiti cha basi safari nzima. Ashuke kila kituo atembee, maana damu huganda miguuni kwa urahisi baada ya upasuaji.

MwanaUjiji
Nimemsomea dada yote haya. Kwenye kiungulia alinyamaza, kwenye asali akacheka. Tumekubaliana kwamba kabla ya kuchagua lolote aombe rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kupigwa kamera ya tumbo, ili ijulikane kiungulia kimeunguza kiasi gani. Leo asubuhi nimepita maduka matatu ya dawa kuulizia sindano ya B12, mawili yanayo.