Kisahani cheupe darini

Mama Rehema: Habari za jioni, majirani. Leo nimerudi kazini nikakuta dari ya ukumbi wa ghorofa yetu imetobolewa, na hatua mbili tu kutoka mlango wa chumba anacholala Rehema pamefungwa kisahani cheupe chenye waya mweusi mnene kama kidole. Nilipomuuliza fundi aliyekuwa akikunja ngazi, alinijibu kwamba ni antena ya simu, kisha akaenda zake. Hakuna aliyetubishia hodi kutueleza lolote. Naomba anayefahamu aniambie kama mwanangu atakuwa analala ndani ya mionzi usiku kucha.

Juma: Mama, pole sana. Nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe limesema mawimbi ya simu yanaleta saratani. Mimi niko tayari kuukata huo waya usiku huu huu.

Mwenyekiti: Juma, tafadhali usiuguse, kwa maana huenda kuna mtu atakayehitaji kupiga simu ya dharura kupitia hapo. Kuhusu kutoarifiwa, kosa ni la kamati. Mwenye jengo alituambia kwamba mtandao utaboreshwa, nasi hatukumuuliza utaboreshwa kwa kufunga nini na wapi. Naomba radhi kwa Mama Rehema na kwa wote. Bi. Asha, wewe ndiye mwenye kazi ya mawimbi ya redio, tusaidie.

Bi. Asha: Mama Rehema, nimepanda kukiangalia kabla ya kuandika, kwa sababu wasiwasi wa mzazi haujibiwi kwa kubahatisha. Antena za ndani za namna hii kwa kawaida hulishwa nguvu ndogo, mara nyingi sehemu ya kumi ya wati au pungufu, ilhali simu uliyoishika inaweza kufikia miliwati 200, yaani sehemu ya tano ya wati, inapotafuta mtandao kwa shida. Kwa tahadhari, tuseme basi kwamba kisahani kile kinarusha kama simu hiyo, miliwati 200, kuelekea kila upande. Ukisimama mita 1 kutoka kwake, uga wa umeme, yaani ukali wa mawimbi mahali ulipo, utakuwa karibu volti 2.5 kwa mita, na ukisogea hadi mita 2 utashuka hadi karibu 1.2, kabla hata ya kuhesabu ukuta unaotenganisha ukumbi na kitanda cha mtoto. Kikomo cha umma katika mwongozo wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya wataalamu wa kujikinga na mionzi ya aina hii, ni takriban volti 41 kwa mita kwa masafa ya megahezi 900, na 61 kuanzia megahezi 2,000. Tena nguvu inayofika mwilini hufuata mraba wa namba hizo, kwa hiyo hata pale kwenye mita 1 tunazungumzia chini ya asilimia 1 ya kikomo.

Mama Rehema: Ahsante, dada. Lakini hicho kikomo kiliwekwa kwa kumwangalia mtu mzima, au na mtoto wa miaka tisa pia?

Bi. Asha: Umeuliza vizuri. Madhara yaliyothibitika ya mawimbi haya ni joto. Mwili mzima ukifyonza wati 4 kwa kila kilo, joto lake linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 1, na mwongozo wa ICNIRP wa mwaka 1998, kama ule uliourekebisha mwaka 2020, unaruhusu umma wati 0.08 tu kwa kilo, yaani sehemu moja ya hamsini, makusudi ili watoto, wazee na wagonjwa wawemo. Juma, ulichosoma kina chanzo cha kweli, ila kimekatwa katikati. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, likitegemea hasa ushahidi finyu kuhusu watu waliotumia sana simu zikiwa zimebanwa sikioni. Kuhusu antena zilizo katika mazingira yetu, liliona ushahidi hautoshi kutoa hukumu.

Juma: Nimekuelewa, Bi. Asha, na ninaondoa kauli yangu ya kukata waya.

Mzee Salehe: Wanangu, mimi nina kile kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kifuani. Nipite ukumbini au nizunguke kwa ngazi za nyuma?

Bi. Asha: Shikamoo, Mzee. Pita bila hofu, ila usikae ukikiegemea. Kinachonihangaisha ni ile simu unayoiweka mfuko wa shati. Iweke angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa chako, usikilizie kwa sikio la upande wa pili, na umuulize daktari wako masharti ya kifaa chenyewe. Mtandao ukiwa hafifu kwa sababu ya zege na vioo vyetu, simu huongeza nguvu ya mawimbi yake ili isikike mnarani, lakini antena ikiwa karibu simu inaweza kupunguza nguvu hiyo mara elfu na zaidi. Hivyo Rehema akiongea na bibi yake, kichwa chake kitapata kidogo kuliko alivyokuwa akipata wiki iliyopita.

Mzee Salehe: Marahaba, mwanangu. Nimeshaitoa mfukoni.

Mama Rehema: Moyo wangu umetulia kiasi, ila hesabu za kukadiria si kipimo, na mlango ule ni wa mwanangu.

Bi. Asha: Una haki kabisa, dada, nami ningekuwa wewe ningedai hivyo hivyo. Kipimo kifanyike watu wakiwa nyumbani jioni na simu zinatumika, mita 1 chini ya kisahani, mlangoni, na kitandani penye mto.

Mwenyekiti: Kesho asubuhi nitamwandikia mwenye jengo nikidai karatasi inayoonyesha nguvu na masafa ya kila antena, pamoja na siku ya kupima. Mama Rehema, utakuwepo wakati wa kupima, na namba zitabandikwa ubaoni hapo chini siku hiyo hiyo.

Mama Rehema: Nitakuwepo. Mto nitauacha palepale anapoulalia.