Bangili ya kuzuia kusahau vitu: je, kupima umbali kunatosha?

Swali
Ndugu zangu, ninaunda bangili itakayotetema mkononi pale mvaaji anapoondoka na kuacha funguo, pochi au begi. Kila kitu nimekifunga kipande kidogo cha redio kinachotangaza namba yake kwa Bluetooth kila sekunde 2, na bangili hukadiria umbali kwa kupima nguvu ya mawimbi. Tatizo ni kwamba pochi iliyomo mfuko wa nyuma huhesabiwa kuwa iko mbali, ilhali funguo zilizoachwa mezani hazitolewi tahadhari mpaka mvaaji awe amekwisha kwenda zake. Je, nibadilishe redio?

Jibu la kwanza
Redio yako haina hitilafu. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hufyonzwa na maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili wa binadamu; ndiyo maana pochi iliyokaliwa husikika kwa udhaifu kuliko funguo zilizo wazi upande wa pili wa chumba. Ukizingatia pia mawimbi yanayoakisiwa na kuta na vyuma, hakuna kiwango kimoja cha nguvu ya mawimbi kitakachofaa mahali pote. Redio ya bendi pana sana (UWB), aina nyingine ya redio ya masafa mafupi, hupima muda ambao mawimbi yanasafiri, hivyo ni sahihi zaidi, ingawa hula betri zaidi na mwili huidhoofisha nayo pia.

Jibu la pili
Naafiki maelezo hayo, lakini kwa maoni yangu umbali sio wa kupimwa kwanza. Mtu husahau pale yeye anapokwenda na kitu kikabaki, kwa hiyo weka kihisi mwendo katika bangili na katika kila kipande, kisha ulinganishe. Mkono ukionyesha hatua za kutembea huku pochi ikitangaza kuwa imetulia, bangili itetemeke mara moja, hata kama mawimbi bado yana nguvu. Na mawimbi yakififia huku pochi ikifuata mdundo uleule wa hatua za mvaaji, bangili inyamaze. Hata begi lililoachwa ndani ya gari linaloondoka litagundulika, kwa sababu mtikisiko wa gari haufanani na hatua za mtu.

Muulizaji
Ahsante sana, hilo sikuwa nimeliwaza. Nahofia betri, kwa kuwa natumia CR2032, betri ndogo ya umbo la sarafu, na vilevile sitaki mvaaji asumbuliwe kila anapoinuka nyumbani kwake.

Jibu la tatu
Betri hiyo ina takriban miliampea-saa 220, kwa hiyo ili idumu mwaka mzima wastani wa matumizi usizidi maikroampea 25. Vihisi mwendo vya kisasa hutumia maikroampea chache tu, na matangazo ya kila sekunde 2 yakiwa mafupi yataenea katika kiasi hicho.

Kuhusu nyumbani, bandika kipande kimoja kando ya mlango, na bangili ianze kukagua pale tu mvaaji anapokikaribia. Nalisisitiza hili kwa sababu tahadhari za uongo ndizo zinazoua vifaa vya namna hii: mtu akitetemeshwa bure kutwa nzima ataivua bangili, na siku atakayoacha dawa zake hapatakuwa na cha kumkumbusha.

Tafadhali pia ufanye namba ya kila kipande ibadilike mara kwa mara, kwani namba isiyobadilika humwezesha yeyote mwenye kipokezi kumfuatilia mvaaji.