Hela ya dagaa na viza ya Uingereza: hizi siku 28 mnazipitaje?

MamaWaMawe
Habari za jioni wakuu, na mwadila kwa wale wa huku kwetu. Naomba msaada ila tafadhali msiniambie ngoja waje wajuzi, nimeshasubiri sana.

Mi nipo Nyakato, nimesomea ufugaji samaki, nilianzia diploma pale Nyegezi digrii nikaja kuipata baadae, saivi nasimamia vizimba vya sato huku Ilemela. Nimepata admisheni ya masta chuo kimoja Scotland, kuanza Septemba hii 2026, na ada wamenipunguzia kidogo. Nilifurahi siku mbili. Ya tatu tukakaa na mume wangu tukasoma masharti ya viza mpaka saa sita usiku, tukalala hatujaongea.

Kwanza hela. Ukisoma nje ya London wanataka paundi 1,171 kwa kila mwezi, miezi 9, yani 10,539, hapo ni juu ya ada iliyobaki, na iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Zaidi ya milioni thelathini za kwetu. Sasa mume wangu ni mtu wa dagaa, ana mitumbwi miwili anauzia Mwaloni Kirumba. Hela inapita mikononi mwake siongopi, ila hela ya ziwani haikai. Kwenye giza inaingia, ikifika mbalamwezi hakuna kuvua na ndo kipindi yeye anatoa, nyavu zishonwe, taa na betri, na posho za vijana wasije wakahamia kwa tajiri mwingine. Siku 28 ni mwezi mzima, na hakuna mwezi usio na mbalamwezi! Kila stetimenti tukiitoa ina shimo katikati.

Pili mtoto, ana miaka minne. Nilijua naenda nae, kumbe tangu Januari 2024 mtu wa masta ya darasani haruhusiwi kuleta mtoto wala mwenza. Hilo sijui hata naulizaje.

Aliyepita hii njia anisaidie.

Furu_Mkavu
Ngoja waje 😂😂

Kapripointi
Achana na Uingereza hela zao nyingi masharti mengi, peleka maombi Marekani kule wana skolashipu mpaka za wanyama.

NilirudiNaBegi
Mkuu Kapripointi hujasikia habari. Tangazo la rais wao la Desemba 2025 limeiweka Tanzania kwenye nchi zilizowekewa vizuizi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026 viza za wanafunzi kwa sisi zimesimamishwa, labda uwe na misamaha yao michache. Dada asipoteze hela ya fomu huko.

Dada MamaWaMawe, mimi mwaka 2024 nilinyimwa, nikaomba tena nikapata, nimesoma nimerudi, kwahiyo nakwambia kilichonikuta sio nilichosikia. Hela ilikuwa kwenye akaunti yangu, siku ya 19 kukatokea msiba kwetu Magu nikatoa laki nne nikijua jumatatu narudisha. Jumatatu nikarudisha kweli. Nilikuwa nimeweka kiasi kilekile kinachotakiwa bila ziada, kwahiyo kwa siku mbili nilikuwa chini, wakanikatalia kwa hizo siku mbili tu. Barua yao ilikuwa na heshima kweli, imeandikwa vizuri, unaisoma unajisikia mjinga. Hela niliyolipia fomu ya viza haikurudi, iliyorudi ni ile ya bima yao ya afya.

Kwahiyo hela ya viza usiiguse kabisa, itenge mbali na ya biashara. Fungua akaunti kwa jina lako, mumeo asiweke kidogokidogo, aweke siku moja zikiwa zimezidi, weka hata milioni mbili au tatu juu kwasababu shilingi ikiyumba unaweza kujikuta umepungukiwa bila kutoa hata mia. Usitegemee akaunti ya mume anayebaki nyumbani. Ya mzazi wanakubali, unaambatanisha cheti chako cha kuzaliwa na barua ya mzazi kuridhia. Ya mjomba, shangazi, kaka, hapana, hata kama ndo aliyekulea, labda awe mlezi kwa karatasi za mahakama. Siku ya mwisho ya stetimenti isiwe imepitisha siku 31 mpaka siku unayotuma maombi. Na mitumbwi haihesabiki. Baba yangu ana ng'ombe arobaini na kitu, kwa huku ni mtu mzito, kwa yule afisa wa viza hana kitu mpaka wauzwe hela ikalale benki. Risiti za mauzo mtunze, wakiona mzigo umeingia ghafla wanaweza kuuliza umetoka wapi.

Gharama nyingine watu hawazisemi. Viza yenyewe Aprili 2025 waliipandisha ikawa paundi 524, angalia kabla hujalipa. Bima ya afya paundi 776 kwa mwaka, ila masta ya mwaka viza inakuja kama miezi 17 kwahiyo wanakukata mwaka na nusu, 1,164. Kipimo cha TB lazima Dar pale IOM, lile shirika la uhamiaji, na alama za vidole nazo Dar. Pigia hesabu safari mbili usipopanga tarehe zikae pamoja.

Sengerema_One
Niongezee hapo kwenye Marekani. Binamu yangu yuko kule anasoma mwaka wa tatu, viza ya kwenye pasipoti ilishaisha muda lakini kukaa anaruhusiwa maadam anasoma, ndo utaratibu wao. Shida akitoka lazima aombe viza mpya ndo arudi, na viza hakuna. Mwezi wa pili baba yake kafariki. Tumemzika hapa Sengerema yeye anaangalia kwa simu, mtandao unakata kila dakika, kaka yake kasimama juu ya kichuguu ameinua simu juu. Wazee wengine walikuwa wanasema mtoto kawa mzungu hataki kuja kumzika babaake. Utawaelezaje?

MkaliWaIgoma
Mi naona mnalia tu. Nchi ni yao masharti ni yao. Hata sisi hapa chuoni Malimbe mwanafunzi kutoka nje anatakiwa kibali cha ukaazi daraja C, mbona hatuoni uzi wa kuwaonea huruma. Wabongo wengi wakifika huko hawarudi, wanabeba maboksi, mlitaka wafanyeje.

NilirudiNaBegi
MkaliWaIgoma kuwa na sheria sikatai. Nachokataa ni kumpima mtu wa ziwani kwa kipimo cha mtu anayepokea mshahara tarehe 25. Na usidhani vyuo vyao vinafurahia, vinaishi kwa ada zetu, mtu wa kutoka nje analipa mara mbili tatu ya mwenyeji. Sasa ule waraka wa serikali yao wa Mei 2025 unataka chuo ambacho wanafunzi wake wamenyimwa viza asilimia 5 kiwe mashakani, zamani ilikuwa 10. Matokeo yake chuo chenyewe kinageuka uhamiaji, kinakufanyia intavyuu na kukagua stetimenti kabla hakijakupa CAS, ile namba ya chuo unayoombea viza. Maana yake dada yetu ataulizwa hili shimo la mbalamwezi mara mbili, na mtu ambaye hajawahi kuona dagaa ameanikwa.

Na hiyo kubeba maboksi, ukiwa masomoni mwisho masaa 20 kwa wiki, na masta kile kipindi cha kiangazi cha kuandika tasnifu bado kinahesabika muhula, watu wengi wanateleza hapo. Ukimaliza kuna viza ya kubaki kutafuta kazi, ilikuwa miaka miwili, watakaoiomba kuanzia 1 Januari 2027 wanapata miezi 18. Dada anamaliza 2027 kwahiyo yake ni hiyo 18, wakala akimwambia miwili anamdanganya.

JapiloMigori
Poa watu wa Mwanza, mi niko ng'ambo ya pili ya ziwa hapa Migori, Kenya. Canada nayo msiisahau lakini imekaza sana. Tangu Januari 2024 wameweka kikomo cha vibali, unahitaji barua ya jimbo kabla hujaomba, ingawa mwaka huu watu wa masta kwa vyuo vya umma hawaihitaji tena. Pesa ya kuonyesha ilikuwa dola zao 10,000 ikapanda 20,635, saa hii ni 22,895 bila karo. Mimi niliangalia hiyo namba nikafunga laptop nikaenda kunywa chai. Ndugu yangu mmoja ameamua Makerere, hakuna viza, akimiss nyumbani anapanda basi usiku. Sio mambo ya kuringia Facebook lakini anasoma.

MamaWaMawe
Asanteni sana jamani, NilirudiNaBegi Mungu akubariki, mambo ya jina la akaunti tungeharibu kabisa, tulikuwa tunatumia ya mume.

JapiloMigori, Makerere niliifikiria, shida mi nataka magonjwa ya samaki wa vizimba na mwalimu niliyempata amefanya hilo miaka mingi. Mwaka juzi tulipoteza sato kizimba kizima kwa wiki moja, wanaelea tu matumbo juu, na sikuwa na jibu la kumpa bosi. Ndo maana naenda, sio maboksi kaka MkaliWaIgoma.

Kwa mtoto kuna njia yoyote au ndo basi?

NilirudiNaBegi
Kwa mtoto ni skolashipu ya serikali. Ukifadhiliwa na serikali, yao au yetu, kwa kozi ya zaidi ya miezi sita unaruhusiwa kuombea wategemezi. Chevening ni ya serikali yao, maombi huwa yanafunguliwa Agosti, uwe na uzoefu wa kazi miaka miwili, ukimaliza unarudi nyumbani sio chini ya miaka miwili. Ila hela ya mtoto hawatoi, viza yake na bima yake ni juu yenu, na anahitaji hela yake ya kuonyesha. Na kwa Septemba hii umeshachelewa, inabidi uombe chuo wakusogezee admisheni mpaka 2027.

Kapripointi
Mwachie bibi yake. Mwaka mmoja unapita haraka.

MamaWaMawe
Kapripointi una mtoto wewe?

Nimeongea na baba Neema jioni hii. Kasema anauza injini moja, ile ya mtumbwi mdogo, na hiki kipindi cha giza chote mauzo yanaenda kwenye akaunti yangu, mbalamwezi ikifika atawalipa vijana kwa kukopa kwa wenzake pale mwaloni. Nimemuuliza na baada ya hapo? Kasema we nenda. Admisheni sisogezi, nikisogeza na ile injini ikashauzwa hela itaisha kwenye nyavu. Mtoto tutaona, atakaa kwa mama Ukerewe, sijamwambia bado.

Sasa mwenye kujua, kile kipimo cha TB majibu yanatoka siku hiyohiyo au nijipange kulala Dar?

Furu_Mkavu
Jipange kulala dada, nina shemeji Mbagala anapangisha chumba kwa siku, nikutumie inbox? Safari hii sitanii.