Ana Division One ya PCM, anataka VETA akasome umeme. Mngemruhusu?

Mjomba Mtu

Wakuu, salaam. Naleta hili hapa kwa sababu ukoo umeshagawanyika na dirisha la udahili wa vyuo vikuu halimsubiri mtu.

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu. Matokeo yalitoka akiwa bado kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT): Division One ya pointi nane, Chemistry B, Physics na Hesabu C. Shemeji yangu, baba yake, siku hiyohiyo akaanza kupekua vyuo vyenye uhandisi. Kijana karudi, kaoga, kala, kisha akawaambia wazazi kwamba chuo kikuu haombi. Anataka VETA, vyuo vya ufundi stadi, asome ufundi umeme. Tangu hapo nyumba ile haina amani.

Mimi niko upande wa kijana. Nitasema kwa nini, kisha mnipige mawe.

Mwaka 2025 TRA, Mamlaka ya Mapato, walitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakazidi 130,000. Na si jambo la jana: 2014 Uhamiaji waliita watu kwenye usaili Uwanja wa Taifa, wakajaa zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Wale hawakuwa mbumbumbu. Walikuwa na vyeti safi, wengine vizuri kuliko vya kwangu mimi ninayewashangaa.

Gharama nazo mnazijua. VETA za serikali ada ni 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa, 120,000 kwa wa bweni. Uhandisi ni miaka minne, na hata chuo cha serikali ada peke yake inapita milioni kwa mwaka, bado chumba, chakula, fildi na kompyuta. Mkopo upo, lakini ukiajiriwa Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Tena kazi ipo. Umeme umefika vijijini na kuunganishiwa huko ni 27,000. Nyumba nyingi haziwekwi umeme bila wayaringi, kwa hiyo kabla ya TANESCO, shirika la umeme, kufika fundi anakuwa ameshapita.

Ukimsikiliza shemeji vizuri, hata si hela inayomuuma. Kinachomuuma ni sentensi moja aliyoitoa mbele ya wageni: "Mtoto wa Division One akakae benchi moja na wa darasa la saba?" Hapo ndipo penye ugomvi, mengine yote ni mapambo.

Haya, karibuni. Nyie mngemruhusu?

Mhandisi Mkavu

Mjomba, umechanganya mambo. Nafasi za TRA zinahusiana nini na uhandisi wa umeme? Ungeleta takwimu za wahandisi tuongee. Kuna kozi ambazo kweli nisingempeleka mtoto wangu leo, lakini umeme si mojawapo.

Kuna jambo hujalisema, sijui kama kijana analijua. Kazi ya umeme nchi hii ina leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na leseni zina madaraja. Daraja A anafanya kazi za msongo wowote, ukishuka chini unaishia kwenye nyumba za kawaida. Daraja unalopewa linategemea elimu yako na uzoefu wako. Kwa hiyo anapochagua cheti leo, anachagua pia ukubwa wa kazi atakayoruhusiwa kugusa kesho. Kiwanda, hospitali, jengo la ghorofa kumi na mbili, huko haingii na cheti cha VETA na testa mfukoni.

Halafu miaka miwili ya advansi, kidato cha tano na sita, ilikuwa ya nini? VETA angeingia na form four yake. Kama anapenda kushika waya, aende DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, au Chuo cha Ufundi Arusha akachukue diploma ya umeme. Karakana wanayo, na akitoka anaitwa fundi sanifu. Kuna njia ya kati, msimlazimishe achague kati ya mbingu na shimo.

Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Mnadhani michoro yake ilisomwa na nani?

Testa

Na Wamisri, chifu. Arab Contractors na Elsewedy. 😀

Tuache utani. Mimi ni fundi wa VETA na nafanya kazi hizi kila siku, acha niwaonyeshe inavyokwenda, maana naona wote wawili mnaongelea karatasi.

Nyumba ya vyumba vitatu, Chanika huko. Mwenye nyumba ananiita mimi. Natindua kuta, napitisha mabomba, naweka boksi, navuta waya, nafunga meini swichi, napiga nondo ya ethi chini. Jasho lote langu. Ikifika zamu ya kuomba umeme TANESCO, panatakiwa mkandarasi mwenye leseni athibitishe wayaringi. Mimi leseni sina. Namtafuta mwenye nayo. Kisheria inabidi aje akague. Wapo wanaokuja na kipimo chao, wanakagua soketi moja moja, nawaheshimu. Wapo wengine hata hawataki kujua nyumba iko wapi: unamtumia hela kwenye simu, yeye anagonga muhuri. Halafu kila soko likiungua tunaambiwa hitilafu ya umeme.

Kwa hiyo Mhandisi kwenye leseni yuko sahihi, ila nyie wenye degrii msitufiche kwamba baadhi yenu mnakula kwa muhuri tu.

Na wewe Mjomba, unaposema kazi ipo, sema pia malipo yakoje. Mteja anatoa nusu ya kuanzia. Nusu nyingine "mpaka umeme uwake". Umeme ukiwaka, simu haipokelewi. Unarudi mara ya pili, unakutana na mke anakwambia baba kasafiri, na viatu vyake unaviona mlangoni. Hii VETA hawafundishi.

Mama Wawili

Kaka Testa umenichekesha kwa hivyo viatu.

Mimi nina mtoto aliyeanza form one 2024, mwaka mitaala mipya ilipoanza. Shule yao iliingia mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Kwenye kikao cha wazazi tukaelezwa vizuri kabisa kwamba amali na ule mkondo wa kawaida wa jumla ni sawa, mtoto wa amali atakwenda mpaka juu akitaka. Nikaridhika. Miezi mitatu baadaye mtoto anasema ufundi wanaandika daftarini, karakana haijakamilika. Na wenzao wa shule jirani wanawaita "mafundi" kwa kejeli.

Nawauliza nyie wanaume mnaosema mwacheni kijana: mbona kwenye harusi tunatangaza "bwana harusi ni mhandisi" na hatujawahi kutangaza "bwana harusi ni fundi umeme"? Serikali inasema ujuzi kwanza, sera mpya ya elimu ilizinduliwa kwa shangwe Dodoma Februari 2025, lakini mshahara wa kuanzia serikalini bado unapangwa kwa ngazi ya cheti. Shemeji si mjinga. Anaisoma nchi ilivyo, siyo ilivyoandikwa.

Ningemruhusu? Wa kiume labda. Wa kike ningeogopa, na sisemi kwamba naogopa jambo sahihi. Kuingia nyumba za watu kutindua ukuta peke yake na wenye nyumba ni wanaume... hapana.

Degrii Kitaa

Mwacheni dogo. Nina degrii ya 2019, GPA 3.8, niko kwenye Ajira Portal, mtandao wa kuomba kazi serikalini, kama mtu aliyehamia humo. Nauza chipsi. Mjadala ufungwe.

Mhandisi Mkavu

@Degrii Kitaa pole mkuu, lakini degrii ya nini? Maana hilo ndilo swali zima.

Degrii Kitaa

Ualimu. Historia na Jiografia. Tulipoingia tuliambiwa walimu hawakosi ajira. Aliyetuambia ni mwalimu.

Mpare wa Ukweli

Nimesoma mpaka hapa, naona kuna jambo mmelipita kama kituo cha daladala kisicho na abiria.

Kijana ana matokeo ya kidato cha sita tayari. Yale hayaozi. Form four akienda VETA na baadaye akataka chuo kikuu, itabidi apande ngazi: cheti, kisha diploma, na diploma yenyewe awe na GPA isiyopungua 3.0 ndipo aombe degrii. Huyu ngazi hiyo haimhusu. Anaweza kusoma VETA, akafanya kazi mwaka mmoja, akarudi kuomba uhandisi kwa cheti chake kilekile cha PCM. Hata Bodi ya Mikopo, kwa miongozo ya miaka ya karibuni, inampokea aliyehitimu kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo miaka miwili ya advansi anayoililia Mhandisi haijapotea. Ndiyo inayompa uhuru wa kwenda VETA bila kufunga mlango nyuma yake.

Ndiyo maana nikimlinganisha na mwanafunzi aliyefeli na kwenda VETA kwa kukosa pa kwenda, huyu naona amejipangia vizuri kuliko baba yake. Atafika mwaka wa kwanza wa uhandisi akiwa ameshafunga saketi breka kwa mikono yake, wakati wenzake wanaijua kwa mchoro.

Mhandisi Mkavu

Kwenye karatasi, sawa. Sasa nitajie watu watano unaowajua waliosema "nafanya kazi kidogo kisha narudi chuo" wakarudi. Mimi nina mmoja, na alirudi baada ya kuachwa na mke.

Kijana wa miaka 20 akianza kushika hela, hata kama ni ndogo, mwaka wa pili ananunua pikipiki, wa tatu ana mtoto. Sio tabia mbaya, ni maisha. Mlango uko wazi ndiyo, ila miguu haipo tena. Calculus nayo inasahaulika, asikudanganye mtu. Mimi baada ya likizo moja tu ndefu nilirudi nikaona kama Kigiriki, na nilinusurika kudisko, yaani kufukuzwa chuo, kwa supu mbili, mitihani ya marudio.

Pia ule Ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi sayansi, nakubali pointi nane hazimfikishi, orodha ile huanzia kwa vinara. Lakini mkopo wa kawaida anaweza kupata mwaka huu. Mwaka kesho kutwa vigezo vitakuwaje, nani anajua? Chukua kilicho mezani.

Mjomba Mtu

Nimewasoma wote. Niseme mawili.

Mhandisi, hoja yako ya "hawarudi" nzito kuliko ya leseni. Lakini iangalie upande wa pili: kama hatarudi kwa sababu kazi inamlipa, tatizo liko wapi? Na kama hatarudi kwa sababu ya pikipiki na mtoto, chuo kikuu hakuna watoto wanaozaliwa? Nimewaona wa mwaka wa pili wanaleta wajukuu nyumbani pamoja na GPA.

Leseni kwangu inamtetea kijana. Testa kasema mwenyewe: fundi anatoa jasho, mwenye leseni anagonga muhuri. Tukiendelea kuwapeleka waliofaulu wote kwenye muhuri na waliofeli wote kwenye jasho, nani atafunga waya ndani ya ukuta kwa kuelewa anachofanya? Mimi nataka nyumba yangu ifungwe na aliyepata C ya Physics.

Kwa Mama Wawili sina jibu la binti. Najua VETA wapo mabinti wa umeme. Hofu yako ya kuingia nyumba za watu sitaidharau.

Testa

Mjomba, C ya Physics haisaidii ukiwa juu ya dari la bati saa nane mchana. Inasaidia usiku, ukikaa kupiga hesabu ya mzigo wa nyumba ili waya usipate moto. Vyote vinatakiwa.

Ushauri wangu: VETA masomo yanaanza Januari. Kuanzia sasa mpaka Desemba kijana hana kazi. Mtafutieni fundi hapo mtaani amchukue kama saidia fundi, asilipwe zaidi ya nauli na chakula. Akishatindua kuta za nyumba mbili tatu na kuzungushwa na mteja mmoja, ataamua mwenyewe bila sisi. Nimewaona walioingia kwa mbwembwe wakatoka siku ya nne, na nimewaona walioletwa kwa nguvu wakabaki.

Mama Wawili

Na udahili wa chuo je? Akishinda kwenye kuta huko mpaka Desemba, dirisha limefungwa.

Mjomba Mtu

Dada, hilo limeshatatuliwa bila yeye. Shemeji kamwombea vyuo vitatu jana usiku kwa simu yake, kijana kalala. Uhandisi wa umeme vyote vitatu.

Mpare wa Ukweli

Hahaha. Basi angalieni namba ya simu iliyojazwa kwenye maombi. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, kuna namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwa meseji. Anayeishika ndiye anayeamua.

Mjomba Mtu

Ni ya shemeji.