Tupeane uzoefu: riwaya nyepesi ya Krismasi yenye jirani mwenye gubu

Wakuu, binti karudi kijijini kwa sikukuu, jirani kanuna, mwisho wanapendana: mchoro huo kila mtu anao. Tuambiane kinachouangusha. Mfano wetu uwe Marangu, Kilimanjaro, Desemba, Wachaga wamesharudi nyumbani. Mbinu tu, visa vyetu binafsi tuviweke kando.

Kalamu Kavu: Gubu liwe na mipaka. Jirani amnunie anayeweza kumjibu. Akimkaripia mtoto au mzee hata mara moja, msomaji hamsamehe, hata umpe sura nzima ya kujieleza. Na robo ya kwanza isiishe kabla hatujamwona akitenda wema kwa siri: alfajiri anamkatia bibi yake binti majani ya ng'ombe, anatua mzigo nje ya banda, anaondoka bila hodi. Sababu ya kununa ibaki siri hadi katikati.

Binti Migomba: Wengi hukimbilia ugomvi wa zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia. Desemba haushiki, vuli imeshanyesha, nani agombee maji? Chukua mpaka. Vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, vimebanana, mgomba umepandwa huku, mkungu umelalia kule. Wa nani? Tena mpaka wenyewe ni masale, mimea ya majani marefu inayopandwa kama ua, na jani la sale ndilo Mchaga humpelekea aliyemkosea kumwomba radhi. Kilele umepewa bure! Ila likitokea sura ya mwisho tu litaonekana limedondoka toka mbinguni. Lipitishe mapema mara mbili: kwanza likiwa ua tu, halafu mzee mmoja akipelekewa kwa ugomvi usiowahusu wapenzi wetu.

Mzee wa Kata: Wawili hao wapewe kazi ya kuwakutanisha kila siku. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inatosha. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, kisha unatiwa uji wa kimea cha ulezi. Ikishaiva haikai, inageuka kali. Kwa hiyo ya tarehe 25 ianze kama wiki moja kabla. Pipa liwe kwa jirani, ulezi kwa bibi.

Itaendelea: Kwa wanaotuma WhatsApp: sehemu 24, moja kwa siku kuanzia tarehe 1, maneno 800 hadi 1,000 kila moja. Kata swali likiulizwa, jibu bado. Arosto, ile hamu ya kutaka zaidi, itafanya kazi yake. Zote ziwe tayari Novemba. Ukichelewa, tarehe 26 watu wako kwenye ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, hakuna anayekusoma.

Kalamu Kavu: Niongeze la mtafaruku, sehemu ya 18 hivi. Kama simu ya dakika moja ingeumaliza, utatukanwa, na “simu iliisha chaji” imechoka. Utoke kwenye tabia zao: jirani alijua shangazi yake binti anatafuta mteja wa kihamba, akanyamaza kwa sababu kunyamaza ndiyo desturi yake.

Binti Migomba: Na bibi asife, jamani. Waandishi mkikwama sehemu ya 20 mnamuua bibi.