Agosti ya TCM: ratiba ingekuwa mikononi mwako, staa gani ungempa siku nzima?

nyeusi_na_nyeupe

Wadau wa muvi za zamani, heshima kwenu. Agosti inakaribia na wale tulio huku Marekani wenye TCM (Turner Classic Movies, chaneli ya muvi za zamani) tunajua maana yake, kila mwaka toka 2003 ule mwezi wa nane wote wanaugawa kwa mastaa, siku moja staa mmoja, muvi zake tu toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili ya kesho yake halafu anapokea mwingine, mpaka wafike 31. Kwangu ni sikukuu kabisa, narekodi mpaka mashine inajaa.

Sasa nataka tuandike ratiba zetu. Bogart, Cary Grant, Bette Davis na Katharine Hepburn nawapenda sana lakini hao watapata siku zao hata tusipoomba. Nataka jina ambalo ungelipigania. Masharti mawili tu: awe na muvi za kujaza masaa 24 (kama kumi na mbili hivi), na utuambie ipi inaenda saa mbili usiku maana hapo ndipo watu wengi wanakaa kwenye tivii na ndipo mtangazaji anakaa kwenye kiti anaeleza habari za muvi.

Wangu ni Paul Robeson. Ningeanza asubuhi na Body and Soul ya 1925, haina sauti, ya mwongozaji Oscar Micheaux, Robeson anacheza watu wawili, mhubiri tapeli na ndugu yake aliye mpole, yaani mtu tunayemjua kwa sauti ukimwangalia pale bila sauti hata kidogo bado macho hayamtoki. Ifuate The Emperor Jones ya 1933, halafu zile alizofanya Uingereza, Song of Freedom, Jericho, King Solomon's Mines ya 1937.

Sanders of the River ya 1935 lazima iwemo na najua wengi wenu mtakasirika. Ni muvi ya kuwasifu watawala wa kikoloni, hilo halina ubishi. Robeson alikubali kuicheza akiamini itaonyesha utamaduni wa Waafrika kwa heshima, kipindi kile London alikuwa anasoma lugha za Kiafrika na Kiswahili kikiwemo, alipoona ilivyotoka ikamuuma na baadaye akaikana hadharani. Na humo ndani, kati ya wale watu wa nyuma wasio na maneno ya kusema, yumo Jomo Kenyatta, enzi hizo yuko London hana hela na muvi zililipa. Ukiiweka bila maelezo unamdhalilisha Robeson mara ya pili. Ukiiweka mtangazaji akaeleza hayo yote kabla haijaanza unakuwa umewapa watu kitu ambacho hawakijui.

Saa mbili usiku Show Boat ya 1936, kwa ajili ya ule wimbo wa mto, Ol' Man River. Baada yake The Proud Valley ya 1940, yumo na wachimba makaa ya mawe wa Wales. Wale wachimbaji hawakumsahau, serikali ya Marekani ilipomnyang'anya pasipoti 1950 akawa hawezi kutoka, mwaka 1957 akawaimbia kwenye tamasha lao kwa njia ya simu toka ng'ambo ya bahari. Pasipoti alirudishiwa 1958. Mtu wa namna hii siku moja bado ni ndogo.

Haya, zamu yenu.

mzee_wa_maktaba

Mkuu umeanza kwa kishindo, Robeson naunga mkono asilimia mia. Ila ngoja niongezee kitu kuhusu hizi ratiba, maana kila mwaka watu wanalalamika mbona fulani hayupo na sababu mara nyingi ni haki za kuonyesha. Ted Turner alinunua maktaba ya muvi za studio ya MGM mwaka 1986 na ndani yake zilikuwemo na muvi za Warner za kabla ya 1950, chaneli akaianzisha tarehe 14 Aprili 1994 kwa kuonyesha Gone with the Wind. Mwaka 1996 kampuni ya Turner ikaungana na Time Warner, kwa hiyo MGM ya zamani na Warner ni mali ya nyumbani. Paramount za kabla ya 1950 nyingi ziko kwa Universal, za Fox sasa hivi ziko Disney, hizo lazima walipie kila wakitaka kuzionyesha. Ndio maana staa wa Fox kama Tyrone Power au Alice Faye siku yake ni ngumu kuijaza kuliko ya mtu wa MGM.

Kwa hiyo mimi nimetafuta mtu ambaye anastahili na muvi zake nyingi wanazo kabatini tayari. Juano Hernandez.

Kama humjui nakuomba usome hapa taratibu. Alizaliwa Puerto Rico na akafa huko huko 1970. Mwaka 1949 MGM walienda Oxford, Mississippi, kule kule kwa Faulkner mwenyewe aliyeandika kitabu chake, wakapiga Intruder in the Dust, na Hernandez akacheza mzee mweusi mwenye shamba lake anayesingiziwa kuua mzungu, kundi la watu linataka kumtoa jela limuue, na yule mzee hapigi magoti. Haombi, halii, hashukuru kupita kiasi. Muvi za miaka ile mtu mweusi alikuwa anaandikiwa kuchekesha au kuhurumiwa, huyu anakaa selo na kofia yake utadhani yeye ndiye aliyewaita wale wazungu waje kumsikiliza.

Halafu angalia 1950 peke yake: Stars in My Crown (MGM), Young Man with a Horn (Warner), The Breaking Point (Warner). Muvi tatu mwaka mmoja na zote nzuri. Hiyo The Breaking Point yumo na John Garfield, wana boti moja, ni marafiki na wanaheshimiana, muvi haifanyi tangazo kuhusu hilo inawaacha wafanye kazi tu. Na mwisho wake sitausema kwa ambao hawajaiona ila angalieni yule mtoto pale gatini, ni mwanawe Hernandez wa kumzaa kabisa. Mimi sijaona muvi ya Hollywood ya enzi hizo inayomaliza kwa ukweli mkubwa namna ile.

Ongeza Trial ya 1955, Sergeant Rutledge ya 1960, The Pawnbroker ya 1964, na Something of Value ya 1957 ambayo ni ya Mau Mau na yeye ni yule mzee anayelisha watu kiapo. Saa mbili usiku Intruder in the Dust, saa nne The Breaking Point, sitaki mjadala.

msee_wa_minnesota

Mzee wa maktaba umenigusa na hiyo Something of Value, hiyo walienda wakapiga Kenya kwenyewe, na ndio inanileta kwa staa wangu, Sidney Poitier. Najua mtasema Poitier hahitaji kupiganiwa. Lakini angalieni kila anapokumbukwa, wanarudia zile tatu za 1967, ya mwalimu wa London (To Sir, with Love), ya polisi wa Philadelphia (In the Heat of the Night) na ile ya kuletwa nyumbani kwa wakwe (Guess Who's Coming to Dinner). Ni kali sana hizo, nimeziangalia mpaka nazijua kwa moyo. Lakini huyu mtu ana kazi nyingine.

Siku yangu ningeanza na Cry, the Beloved Country ya 1951 iliyopigwa Afrika Kusini, yumo na Canada Lee. Edge of the City ya 1957 na Cassavetes. Halafu Something of Value, yeye ni Kimani na Rock Hudson ni mtoto wa mzungu mwenye shamba, wamekua pamoja, na siku moja Kimani anapigwa kofi na mkubwa wa pale na kila kitu kinaanzia hapo. Mabaya ya ile muvi nayajua, bado inaangalia vita kupitia kwa mzungu, lakini angalia uso wa Poitier baada ya lile kofi. Nyanya yangu alipitia Emergency, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, kule Murang'a na nilipomwonyesha hiyo sini hakuhitaji kutafsiriwa.

Usiku sana ningeweka The Wilby Conspiracy ya 1975 na Michael Caine, hadithi ni ya Afrika Kusini lakini walipigia Kenya maana kwa makaburu isingewezekana. Na prime time nawapa Buck and the Preacher ya 1972 kwa sababu aliiongoza mwenyewe, yeye na Harry Belafonte juu ya farasi.

Na mtangazaji aseme hii: mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa anatafuta pesa za kuleta wanafunzi Marekani kwa ndege, Poitier, Belafonte na Jackie Robinson yule wa baseball ndio waliweka sahihi kwenye barua ya kuchangisha. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Kenya tuna deni kwa huyo mtu, na hapo sijaongelea Oscar yake ya 1964.

binti_wa_mji_mkongwe

Kaka zangu mmesema vizuri ila nyote mmekwenda Hollywood na Uingereza tu. Mimi nataka Raj Kapoor na Nargis, mastaa wa muvi za Kihindi, siku moja wagawane, na kama sharti ni mtu mmoja basi nampa Nargis.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na hawa. Muulize mtu mzima yeyote aliyekuwa akienda Majestic pale Unguja au Avalon Dar atakwambia habari za Awaara ya 1951 na Shree 420 ya 1955 utafikiri alizitazama jana, nyimbo walizihifadhi bila kujua Kihindi na tuni zikaingia mpaka kwenye taarab. Na sio sisi peke yetu, Awaara iliingia Urusi, Uturuki na Uchina watu wakaipenda vile vile. Chaneli inayojiita ya sinema za kale inakuwaje muvi iliyopendwa na nusu ya dunia ipite kimya?

Na Awaara ukiieleza kwa mtazamaji wa Marekani ina mambo mengi ya kumshika, Raj ndiye aliyeiongoza na bado kijana kabisa, hakimu humo ndani ni baba yake mzazi Prithviraj, na Raj alipokuwa mdogo anachezwa na mdogo wake Shashi, familia nzima imo ndani ya kesi moja. Nargis ni wakili anayemhoji hakimu mahakamani, mwanamke, 1951! Kisha mwaka 1957 akacheza Mother India, ile iliyoingia Oscar kwenye muvi za kigeni, mama analima na kubeba jembe mwenyewe na mwisho wake anafanya jambo ambalo mama yeyote akiliona hulala nalo. Saa mbili usiku Mother India, ndefu mtaivumilia.

mtoto_wa_kisangani

Ndugu zangu salamu. Mimi nina jina moja tu na si refu, Audrey Hepburn, lakini kwa The Nun's Story ya 1959. Walifika kwetu Kisangani, wakati huo Stanleyville, kuipiga, na uhuru ukaja 1960, kwa hiyo unaona mji na mto vilivyokuwa kabla kila kitu hakijabadilika. Wamweke saa mbili usiku na hiyo badala ya zile za magauni.

miguu_ya_moto

Nimesoma zote na kuna watu nawapenda ambao kwa masharti ya mleta mada hawawezi kupata siku hata wafanyeje. Nicholas Brothers, ndugu wawili wacheza dansi. Fayard na Harold. Ukikusanya kila walichocheza kwenye muvi za Hollywood hazifiki masaa mawili, kwa sababu studio ziliwapa dakika tano hapa, dakika sita pale, na ziliwekwa kwa makusudi sehemu ambayo ukiikata hadithi haiumii, ili majumba ya sinema ya kusini yasiyotaka kuona watu weusi yaikate yaendelee. Mwimbaji Lena Horne MGM walimfanyia hivyo hivyo, anatokea amesimama kwenye nguzo anaimba, haongei na mtu, anaondoka.

Kwa hiyo ukisema masaa 24 au hakuna, unawapa tena wale wale waliopewa nafasi na studio. Ile ngazi ya Stormy Weather ya 1943, wanarukiana vichwani wanatua msamba wanainuka bila mikono wanashuka tena, ndani yake kuna ubora kuliko siku nzima ya mastaa wengine na narudia siku nzima.

Napendekeza usiku mmoja. Down Argentine Way, Sun Valley Serenade ambayo Dorothy Dandridge yumo nao, Stormy Weather, na The Pirate ya 1948 ambapo Gene Kelly anacheza nao bega kwa bega. Tatu za mwanzo ni za Fox, nimemsikia mzee wa maktaba, walipie.

nyeusi_na_nyeupe

Miguu_ya_moto hoja yako nimeikubali na masharti nayabadilisha sasa hivi, anayetaka usiku mmoja alete usiku mmoja. TCM wenyewe kila mwezi wana staa wa mwezi anayepewa usiku mmoja kila wiki, tunaweza kuwapanga hapo: wiki ya kwanza Nicholas Brothers, ya pili Dandridge na Carmen Jones yake iliyomfanya mwanamke mweusi wa kwanza kushindania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, ya tatu Lena Horne, ya nne bado iko wazi.

Msee, Poitier na Hernandez wote wako kwenye Something of Value, wakiwekwa siku mbili zinazofuatana ile muvi inaweza kufunga siku ya mmoja na kufungua ya mwingine, mnaonaje na mzee wa maktaba mkubaliane nani atangulie?

Binti, Nargis nimempa Agosti 14. Niambie tu ile Awaara yenye tafsiri nzuri chini ya picha wanauza wapi, niliyo nayo nyimbo hazijatafsiriwa na kusema kweli nusu ya hadithi iko kwenye nyimbo.

mzee_wa_maktaba

Hernandez atangulie. Poitier mwenyewe alipita mlango ambao huyu mzee alishauegemea mwaka mmoja kabla ya No Way Out, muvi ya Poitier ya 1950. Na hiyo wiki ya nne nipeni Sabu, yule mwigizaji wa Kihindi, The Thief of Bagdad ya 1940 na Black Narcissus usiku mmoja, rangi zile ziangaliwe kwenye tivii kubwa.